Historia ya pua ya motokari: juu ya nini motere inakunywa maji



Leo niko na historia moja ambayo haimo katika silabusi za universite. Ni historia ya kitu kidogo: mahali motere ya motokari inavutia hewa. Katika miaka zaidi ya 100 mahali pale pamepanda, pamerudi chini, halafu pamepanda tena. Na kila mara palipokaribia udongo, maji yakapata njia ya kuingia. Ninaiandika sasa juu mvua imerudi, na juu vijana wengi wetu wakipata kazi ya kwanza wananunua motokari ya okazio kutoka Japani. Kitu cha kwanza wanachotaka kubadilisha njo ile boksi nyeusi ya plastiki iliyo chini ya kapo, ile inayoonekana kama haina kazi. Wanaweka tuyo ya chuma inayong'aa, yenye filtri ya umbo la koni, ili motere ivute hewa baridi. Tuyo ile iko na historia yake, na historia hiyo iko na bei.

1. Tuanze na hesabu

Mwaka 1876, Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza motere ya hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Motokari zetu nyingi bado zinafuata mpango huo. Hatua ya pili njo inayotuhusu hapa. Pistoni inapanda na kubana hewa mpaka inabaki katika nafasi ndogo sana. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali.

Tuchukue motere ya esansi ya litre 2, yenye silinda 4. Kila silinda inavuta santimetre kyubu 500. Kama ubanaji wake ni 10 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa inaacha nafasi ya santimetre kyubu 55 hivi. Hizo ni vijiko vinne vya supu, hata havijai. Maji yakizidi kipimo hicho ndani ya silinda moja, pistoni haiwezi kufika juu. Kwa motere ya mazutu mambo ni makali zaidi: ubanaji wa 18 kwa 1 unaacha santimetre kyubu 30 hivi, yaani vijiko viwili tu.

Sasa muangalie kasi. Motere ile ya litre 2 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, pistoni inashuka na kuvuta kwa sekunde moja kugawanya na 100. Pua ikizama ndani ya maji, hata kwa muda mufupi kuliko kupepesa jicho, vijiko vinne vimeshaingia. Pistoni inapanda, inagonga maji, inasimama. Lakini chuma kizito kinachozunguka chini yake hakisimami, bado kina nguvu ya mwendo. Kati ya ile inayokataa na ile inayosukuma kuna biele, mkono wa chuma unaoshika pistoni. Biele njo inapinda. Kama motere ilikuwa polepole, pengine inazimika tu. Kama ilikuwa na kasi, biele inaweza kuvunjika na kutoboa ubavu wa motere.

Njo maana ninasema: maji hayaui motere kwa kuilowesha. Yanaiua kwa kukataa kubanwa.

2. Miaka ya kwanza, adui alikuwa vumbi

Motokari za kwanza zilikuwa na karbirateri iliyovuta hewa hivi hivi, mara nyingi bila filtri yoyote. Barabara zilikuwa za udongo, na vumbi lilikuwa linasaga silinda kama msasa. Wenye kutengeneza motokari wakatafuta dawa. Moja iliyodumu sana ni filtri ya bafu ya mafuta: hewa inageuzwa ghafla juu ya mafuta, vumbi zito linabaki pale. Wazee wa trakta na malori wanaijua vizuri. Baadaye ikaja filtri ya karatasi iliyokunjwa, ile tunayobadilisha garajini mpaka leo.

Katika motokari nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960, filtri ilikaa ndani ya sahani kubwa ya bati juu kabisa ya karbirateri, katikati ya motere, chini ya kapo. Hakuna aliyeiweka pale kwa kuogopa mafuriko. Iliwekwa pale juu karbirateri ilikuwa pale. Lakini mahali pale palikuwa pakavu. Kasoro yake ilikuwa moja: hewa ya chini ya kapo ni ya moto.

Na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya digri 60 iko na uzito wa karibu asilimia 9 chini ya hewa ya digri 30, kwa kipimo kilekile. Hewa pungufu maana yake oksijeni pungufu, na motere inachoma esansi kidogo zaidi. Kwa hiyo wanaosema kwamba hewa baridi inaongeza nguvu hawadanganyi. Fizikia iko upande wao. Swali ni wapi unaenda kuitafuta hiyo hewa baridi.

3. Vita vilipandisha pua

Kabla wapenda kasi hawajashusha pua, askari waliipandisha. Waholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa na meli za chini ya maji zenye mlingoti wa hewa: tuyo inayotokea juu ya bahari ili motere za mazutu zipumue huku meli ikiwa imejificha. Ujerumani ilipovamia Uholanzi mwaka 1940, iliukamata ufundi huo. Baadaye katika vita iliuweka kwenye meli zake. Wajerumani waliuita Schnorchel, na kutoka hapo dunia ikapata neno snorkeli.

Kuna jambo moja katika mlingoti ule ambalo ningependa mulishike, tutalirudia. Juu yake kulikuwa na vali yenye boya. Wimbi likiufunika, vali inajifunga na maji hayaingii. Lakini motere ilikuwa bado inataka hewa, basi inaivuta kutoka ndani ya meli yenyewe, mpaka masikio ya mabaharia yanauma. Wenye kuitengeneza walichagua: heri watu waumwe masikio kuliko motere ikunywe bahari.

Tarehe 6 Juni 1944, siku jeshi la Muungano liliposhuka Normandie, kuna vifaru vya Sherman vilivyovishwa milango mirefu ya bati nyuma yao, mmoja wa kuvuta hewa na mwingine wa kutoa moshi, ili viweze kutembea ndani ya maji mpaka pwani. Jipu nazo ziliwekewa tuyo za kupanda juu, na nyaya zao zikazibwa kwa mafuta mazito. Wanajeshi wale hawakuwa na shaka yoyote: motere inaweza kutembea ndani ya maji, mradi pua yake inabaki juu.

Na tusichanganye mambo. Wakati uleule, motere za ndege za vita zilikuwa zinanyunyiziwa maji kwa kusudi. Wajerumani walikuwa na mchanganyiko wa maji na methanoli walioita MW 50, na ndege za Marekani kama P-47 nazo zilitumia maji ili kupoza hewa na kuongeza nguvu kwa muda mufupi. Kwa hiyo motere haiogopi unyevu. Mvua ya kawaida, ukungu, matone machache kwenye filtri, hayo yote inayapitisha yakiwa mvuke. Inachoogopa ni maji yenye umbo la maji, kwa wingi wa vijiko.

4. Amerika inatafuta baridi

Baada ya vita, vijana wa Marekani waliokuwa na pesa kidogo na akili nyingi wakaanza kuchezea motere. Viwanda vikawafuata. Mwaka 1964 Ford ilitoa motokari ya mashindano, Fairlane Thunderbolt: iliondoa taa mbili za ndani kule mbele, ikaweka nyavu mahali pake, na kutoka pale tuyo kubwa zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye karbirateri. Pontiac nayo, katika miaka ileile, ikauza GTO zenye mfumo ulioitwa Ram Air, wa kuvutia hewa ya nje kupitia kapo.

Muangalie vizuri: pua hizo zilitafuta hewa baridi, lakini zilibaki juu, kwenye kimo cha taa au cha kapo. Mwaka 1969, kule Riverside, California, Ken Johnson na Norm McDonald, waliokuwa na biashara ya pikipiki, wakaanzisha filtri ya pamba yenye mafuta kwa jina la K&N. Ilipitisha hewa kwa urahisi na iliweza kufuliwa na kurudishwa. Filtri ya koni tunayoiona leo ku maduka ya vipuri ni mtoto wa ufundi ule.

Halafu likaja badiliko ambalo watu wengi hawaliweki katika hesabu: miaka ya 1980, karbirateri ilianza kuondoka na mfumo wa kupuliza esansi kwa umeme ukachukua nafasi yake. Motere haikuhitaji tena sahani ya bati juu ya kichwa chake. Hewa sasa ingeweza kupita katika tuyo na kuanzia popote: kushoto, kulia, mbele. Viwanda vikaweka filtri ndani ya boksi ya plastiki pembeni, na mdomo wake ukawekwa juu, karibu na redio ya maji au ndani ya mudigadi. Mara nyingi mdomo ule tayari ulikuwa unavuta hewa ya nje. Boksi zingine za pembeni zilikuwa za kupunguza mlio, na zingine kona za tuyo zilisaidia maji yadondoke kabla ya kufika kwenye filtri. Kwa macho ya kijana, yote yalikuwa takataka za plastiki.

5. California, miaka ya 1990: pua inashuka

Hapa njo moyo wa historia yetu. Kusini mwa California, vijana waliacha motere kubwa za baba zao na wakapenda Honda Civic na Acura Integra: ndogo, nyepesi, za bei nafuu. Kampuni kama AEM, iliyoanzishwa California mwaka 1987, zikaanza kuwauzia tuyo ndefu ya aluminiamu. Ile tuyo ilitoka kwenye mdomo wa motere, ikashuka kupitia pengo la pembeni, ikaingia mahali palipokuwa na boksi ya mlio, na filtri yake ikakaa nyuma ya parashoki, mbele kidogo ya gurudumu.

Kwa hewa baridi, mahali pale ni pazuri sana: mbali na joto, karibu na upepo. Tuyo ndefu ilisaidia pia mtiririko wa hewa katika mizunguko fulani, na mlio wake ulikuwa wa kupendeza. Kwa kweli, wengi walinunua mlio. Mwaka 2001 filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka, mtindo ule ulivuka bahari zote.

Lakini pale nyuma ya parashoki, pua imefika chini ya goti la mtu mzima. Hakuna haja ya mafuriko. Dimbwi moja linatosha, juu motokari ikiingia ndani ya maji inasukuma wimbi mbele yake, na wimbi lile ni refu kuliko dimbwi lenyewe. Gurudumu nalo linarusha maji kwa nguvu, na mara nyingi karatasi ya plastiki iliyokuwa inakinga imetolewa ili filtri ienee. Filtri ikifunikwa na maji, motere haina mahali pengine pa kuvutia. Inavuta kilichopo.

Zamani kulikuwa na bahati moja. Motokari ya esansi yenye distributa ya kizamani ikiingia majini, mara nyingi umeme wa buji ulikuwa unalowa kwanza, motere inazimika kabla haijakunywa. Dereva anatukana, anapangusa, anaendelea. Umeme wa motokari za leo umefungwa vizuri zaidi, na motere ya mazutu haina buji za kuwasha kabisa. Kwa hiyo inaendelea kufanya kazi vizuri, vizuri, mpaka pale inapomeza.

Ajali zikawa nyingi kiasi kwamba AEM wenyewe walianza kuuza vali ya kupachika juu kwenye tuyo. Filtri ikizama, vali inafunguka na motere inavuta hewa ya chini ya kapo. Munakumbuka boya la Schnorchel? Wazo lilikuwa jirani: pua ikizama, motere ipewe mlango mwingine. Lakini vali ile haikufaa kwa motere zenye turbo, na wengi hawakuinunua, juu walihesabu tuyo na hawakuhesabu maji. Wengine walichagua tuyo fupi, inayoacha filtri juu chini ya kapo: baridi kidogo, usalama mwingi.

6. Na kwetu?

Njia ya kwetu ilikuwa ya upande mwingine. Mwaka 1983 mashindano ya Camel Trophy, yenye Land Rover za manjano, yalifanyika hapa, Zaire ya wakati ule. Mashindano yale yalionyesha dunia picha ya motokari ndani ya matope na mito, na katika miaka iliyofuata tuyo ya kupanda mpaka kimo cha paa ikawa alama ya kila motokari ya safari. Sisi wa Kivu, wa Katanga, wa Ituri, tunaiona kila siku kwenye Land Cruiser nyeupe za mashirika. Na munajua kazi yake ya kila siku ni gani? Vumbi. Motokari inayofuata nyingine kwenye barabara ya udongo inavuta hewa safi zaidi pale juu. Maji ni ya siku chache, vumbi ni la kiangazi chote. Na tuyo ile inakinga maji tu kama viungo vyake vyote vimezibwa. Kuna za mapambo, zenye tundu wazi ndani ya mudigadi. Hizo ni sawa na kuvaa kofia iliyotoboka.

Kwa hiyo katika barabara moja ya Goma ao ya Lubumbashi, leo munaweza kuona historia yote mbili pamoja: Land Cruiser yenye pua juu ya paa, na nyuma yake motokari ndogo ya kijana mwenzetu yenye pua nyuma ya parashoki. Zote mbili zinaingia ndani ya dimbwi lilelile.

Na dimbwi letu si la California. Kule mvua ni chache, na barabara ina mitaro. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka njiani mwake na kubeba nyumba. Kinshasa, Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100. Sizungumzi mambo hayo ili kuyalinganisha na chuma. Roho ya mtu haina vipuri. Ninayataja juu yanaonyesha namna gani maji yanapanda kwetu, na kwa haraka gani. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya barabara kavu kimefika hapa bila kijitabu chake cha maonyo.

Kuna hatari moja tena, na hii inatuhusu sisi wanunuzi wa okazio. Biele iliyopinda kidogo haivunjiki siku ileile. Fundi anatoa maji, anabadilisha mafuta, motere inawaka, kila mtu anashangilia. Inaweza kutembea wiki nyingi ikiwa na mtetemo kidogo, silinda moja dhaifu. Halafu siku moja, kwenye mlima, inakatika. Kati ya siku ya maji na siku ya kukatika, motokari inaweza kuwa imeuzwa. Anayelipa ni mwingine, pengine kijana aliyekopa kwa wajomba ili afanye taksi, na watoto wanaokula juu ya taksi ile. Njo maana, ukienda kununua, fungua kapo na ufuate tuyo ya hewa kwa mkono mpaka mwisho wake. Ukikuta filtri iko chini, nyuma ya parashoki, omba fundi apime ubanaji wa kila silinda kabla hujatoa pesa. Silinda moja ikiwa chini kuliko zingine, rudi nyumbani na pesa zako.

Na kama motokari yako imezimikia ndani ya maji, usigeuze tena ufunguo. Kujaribu kuiwasha njo kunamalizia kazi ambayo maji yalianza. Isukumeni mpaka pakavu. Fundi atoe buji zote, ao plagi na enjektere kama ni ya mazutu, halafu azungushe motere kwa mkono mpaka maji yatoke. Aangalie mafuta: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamefika mpaka chini. Kazi hiyo ya saa chache inaweza kuokoa motere nzima.

7. Tunachobaki nacho

Mimi sikatazi mtu kupenda hewa baridi. Fizikia yake ni ya kweli, ijapokuwa faida yake kwenye motere ndogo ya kila siku ni kidogo kuliko mlio wake. Ninachokiona katika historia hii ni kwamba ile boksi nyeusi ya plastiki ilikuwa jibu. Aliyeichora alikuwa ameulizwa maswali matatu kwa pamoja: joto, vumbi na maji. Tuyo ya kung'aa inajibu swali moja tu, la joto. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, inafaa kuuliza kitu hiki kiliwekwa hapa juu ya nini, halafu kuuliza kama sababu ile imekwisha. California inaweza kusema imekwisha. Kwetu, kuanzia Septemba mpaka Mei, haijakwisha.

Wenye kusoma mekanike, elektromekanike na ujenzi wa barabara, mutuongezee: katika mji wenu, dimbwi linafika kimo gani kwenye gurudumu, na mtaro ule ulijengwa mwaka gani? Tukikusanya majibu, tutakuwa na historia nyingine ya kuandika, ya barabara zetu wenyewe.